Hifadhi ya Taifa ya Umeme

Nchi ninayoitolea taarifa hii haina jina kwa sasa. Ilikuwa nalo, lakini lilipelekwa mbele ya kamati ya kulipitia, kamati ikaomba muda wa nyongeza, na hadi leo wananchi husema tu "hapa kwetu", jambo ambalo halijamchanganya mtu yeyote isipokuwa wageni. Ni nchi yenye amani, yenye nyimbo tatu za taifa, na yenye umeme. Umeme huo hugawiwa: mtaa una zamu yake, kiwanda kina kipimo chake, na anayezidisha hukatiwa. Makao Makuu ya Shirika la Umeme, jengo la ghorofa kumi na nne, huwasha taa zake zote mchana kutwa ili wapita njia wauone umeme na kujiridhisha kwamba upo.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu palikuwa na kiwanda kidogo cha maziwa, mali ya ushirika wa wafugaji mia nne na kumi na wawili. Kila alfajiri wafugaji walileta maziwa, mitambo ikayapoza, lori likayachukua. Mwanzoni mwa mwezi wa sita Shirika liliwaandikia kwamba wamezidisha kipimo kwa mara ya tatu, na kwamba ifikapo tarehe thelathini watakatiwa moja kwa moja. Barua ilihitimishwa kwa neno "Tunakujali".

Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Kashindye, alikuwa amefuga kwa miaka hamsini na hajapata kujibiwa barua yoyote aliyoiandikia serikali. Safari hii hakuandika. Alimwita Sikujua Lugoye.

Sikujua alikuwa mhandisi. Alilitumikia Shirika la Umeme kwa miaka kumi na miwili, akaliacha siku chache baada ya kupendekeza kwa maandishi kwamba taa za zile ghorofa kumi na nne zizimwe mchana. Sasa alikusudia kuanzisha biashara yake mwenyewe: kwenda viwandani, hotelini na hospitalini, kupima umeme unapotelea wapi, kisha kuuza na kufunga vifaa vya kuuzuia. Wafugaji wangekuwa wateja wake wa kwanza. Alizunguka kiwanda siku mbili na kipima umeme chake mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tunakufa au tunapona?"

"Mtapona. Mlango wa chumba cha baridi haufungi, raba yake imeliwa na panya. Mnapoza maziwa, mnapoza uwanja, mnampoza na mbuzi wa jirani."

"Ndiyo maana! Nimeshangaa kwa nini yule mbuzi habanduki pale."

"Mabomba yako uchi, mota mbili ni kuukuu kuliko mimi. Theluthi moja ya umeme wenu inapotea. Nipe siku tisa."

"Siku tisa? Anza leo."

"Sina leseni ya biashara. Nikigusa hata skrubu bila leseni, Shirika litawakatia siku hiyo hiyo."

"Na leseni inachukua muda gani kupatikana?"

"Kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa mlangoni kwao," alisema Sikujua, "dakika arobaini."

*

Ofisi inayotoa leseni huitwa Kituo cha Huduma za Papo kwa Papo. Sikujua alifika dirishani siku ya tatu ya kupanga foleni. Nyuma ya kioo alikaa Bwana Chogero, Msajili Msaidizi Mwandamizi, mtu aliyeheshimiwa kwa mwandiko wake.

"Jina?"

"Sikujua."

"Sasa, dada yangu, kama hata jina hukulijua, umekuja kusajili nini? Nenda ukajue kwanza."

"Ndilo jina langu. Sikujua Lugoye. Nilipewa na bibi yangu."

"Naye bibi hakujua?"

Bwana Chogero alicheka mpaka akatoa leso. Huduma zilisimama kwa robo saa ili makarani wa madirisha mengine waje wasimuliwe. Kisha aliipokea fomu, akaisoma kwa kidole, na kidole kikasimama mstari wa saba, palipoulizwa aina ya biashara. Sikujua alikuwa ameandika: *Bidhaa na huduma za hifadhi ya nishati*.

Hapa ndipo alipokosea, nami sitamtetea. Angeandika "duka la taa" angepata leseni, na pengine angepewa na kiti. Lakini alikuwa mtu wa lugha sahihi, na lugha sahihi ni jambo la hatari katika nchi ambamo neno husomwa na mtu mwenye muhuri.

"Hifadhi," alisema Bwana Chogero.

"Ndiyo."

"Hifadhi si biashara. Hifadhi iko chini ya Wizara ya Hifadhi. Simba, twiga, wale vyura wa maporomoko."

"Si hifadhi ya namna hiyo, bwana. Ni kuhifadhi. Kutunza kitu, kukitumia kwa uangalifu, kisipotee bure."

"Na simba tunawahifadhi ili iweje?"

"Wasipotee."

"Basi mbona tunaelewana?"

"Naomba nifute, niandike 'kubana matumizi'."

"Kufuta fomu ya serikali ni kughushi. Miaka saba. Isitoshe, kubana matumizi ni kazi ya Hazina, na wale wamebana mpaka viti vya wageni. Utasimama huko hadi ustaafu." Akagonga muhuri kwa upole wa mtu anayembariki mtoto. "Nakupeleka kwa wenyewe."

*

Katika Wizara ya Hifadhi alipokewa na Afande Kirumbi, Mhifadhi Mkuu wa Spishi Zisizozoeleka. Afande alivaa sare ya kijani, buti na kofia pana, ndani ya chumba chenye zulia na kiyoyozi, kwa msimamo wake kwamba pori huweza kutokea mahali popote. Alikuwa na daftari la maswali ambalo sheria ilimtaka alijaze kabla ya kutoa kibali chochote.

"Spishi?"

"Si spishi, afande. Ni umeme."

"Umeme huyu anapatikana wapi?"

"Unapatikana kwenye nyaya."

"Na kabla ya nyaya?"

"Bwawani. Huzalishwa kwa maji."

"Wa majini na nchi kavu," aliandika Afande. "Ana madhara kwa binadamu?"

"Ukiugusa vibaya unaua."

"Mkali."

Msomaji atakuwa ameona kwamba Afande alimhamisha umeme kutoka ngeli yake na kumtia katika ngeli ya viumbe hai. Sikujua alimsahihisha mara nne, kisha akaacha. Nyaraka zote za serikali zimefuata matumizi ya Afande tangu siku hiyo, na jopo la wataalamu wa lugha lililoitwa kutoa maoni limeyasifu kwa kuleta uhai katika uandishi wa kiofisi.

Afande alifungua kiambatisho, taarifa ya vipimo vya kiwanda cha maziwa. Aliisoma. Akaweka kalamu chini. Akavua kofia, jambo ambalo katibu wake alisema hajawahi kuliona.

"Umeandika hapa theluthi moja anapotea."

"Inapotea, ndiyo. Kila mwezi."

"Mama, tembo hawakupotea theluthi moja kwa mwezi hata wakati ule wa bunduki."

"Afande, naomba unielewe. Unapotea kupitia mlangoni."

"Majangili siku zote hupita mlangoni. Nani anamtumia huko?"

"Wafugaji. Wanapozea maziwa. Na wanalipia ankara kila mwezi."

"Hata wa pembe walikuwa wakilipa." Afande alirudisha kofia kichwani. "Ahsante kwa uzalendo wako."

"Mimi naomba leseni tu. Tarehe thelathini imekaribia, watakatiwa."

"Ondoa wasiwasi. Tutachukua hatua kabla ya tarehe thelathini."

Katika taarifa yangu yote hii, hiyo ndiyo ahadi pekee ya serikali iliyotimizwa kwa wakati.

*

Tarehe ishirini na nane, Gazeti la Serikali lilitangaza kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Umeme, yenye eneo la ekari mbili na robo, mipaka yake ikiwa ni ukuta wa kaskazini wa kiwanda cha maziwa, ukuta wa kusini wa kiwanda cha maziwa, na kuta mbili zilizobaki. Shughuli zote za kibinadamu ndani ya eneo hilo zilipigwa marufuku, kwa kuwa ndivyo sheria inavyotaka katika hifadhi, na sheria haikuona sababu ya kuuliza ni hifadhi ya nini.

Uzinduzi ulifanywa na Waziri, Mheshimiwa Mavumbuo, ambaye shahada zake hutajwa kabla ya jina lake na kuchukua takriban dakika mbili.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Babu zetu waliishi na umeme huyu kwa amani. Walimwona angani wakati wa masika, wakamheshimu, wakaingia ndani. Nani kati yao alimchomeka waya? Nauliza, nani?"

Hakuna aliyekiri.

"Leo kizazi cha uroho kinamtumikisha usiku na mchana kupozea maziwa. Maziwa, ndugu zangu, ambayo Mwenyezi Mungu kwa hekima yake aliyatoa yakiwa ya moto!"

Makofi yalipigwa na watumishi waliokuja na Waziri kwa mabasi manne. Mzee Kashindye alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, tunashukuru. Ila sisi kuanzia kesho tutapozea wapi maziwa?"

"Mzee wangu, swali zuri sana. Nalipokea."

"Unalipokea unalipeleka wapi?"

"Nalipokea," alisema Waziri, na msaidizi wake akaandika kwamba limepokewa.

Wanachama walipewa dakika ishirini kuondoka. Kila mmoja alifidiwa kalenda yenye picha ya Waziri. Mitambo ilizimwa ili umeme apumzike. Mzee Kashindye alimkuta Sikujua nje ya lango jipya, amesimama na mkoba wake wa vifaa.

"Mwanangu, Shirika lilitaka kutukatia umeme. Wewe umetukatia kiwanda."

"Nitakirudisha, mzee."

"Usinirudishie kitu. Wewe kila ukitusaidia tunapungua." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alimweleza lililobaki. Sheria ya Ushirika ilisema kwamba chama cha maziwa kisichopokea maziwa kwa siku tisini mfululizo hufutwa, na mali yake huwa ya serikali. "Leo ni siku ya kwanza. Kama una la kurudisha, hesabu vizuri."

*

Sikujua alihesabu. Kwa siku sitini alikwenda wizarani kila asubuhi kuomba mipaka ihamishwe, hata kwa hatua kumi tu, hadi kwenye uwanja wa mbuzi. Aliambiwa kwamba mipaka ya hifadhi ni urithi wa vizazi vijavyo, na vizazi hivyo bado havijafika kutoa maoni. Hata hivyo, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu ya kwanza, aliteuliwa Mtaalamu Mshauri na kutakiwa kuwasilisha takwimu za hali ya umeme hifadhini.

Aliipokea kazi hiyo kwa furaha ambayo hakuionyesha. Aliingia na kipima umeme chake, akapima kwa siku tatu, na alichokikuta kilikuwa kizuri kuliko alivyotarajia. Uzio wa hifadhi ulikuwa wa umeme. Taa kubwa nane ziliwaka mchana na usiku ili askari wamwone umeme asitoroshwe. Banda la lango lilikuwa na kiyoyozi, jokofu la soda na televisheni. Kulinda umeme kulitumia umeme mara tatu ya ule uliokuwa ukitumiwa na kiwanda pamoja na mbuzi.

Aliandika ukurasa mmoja, bila neno lolote lenye maana mbili. Alilichunguza kila moja. Kisha aliuweka mezani kwa Afande Kirumbi, akingoja kuona uso wa mtu mwenye aibu.

"Mara tatu," alisema Afande taratibu.

"Mara tatu, afande. Kipimo hakidanganyi."

"Mara tatu kwa siku sitini!" Afande aliinuka, akazunguka meza, akamshika Sikujua mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Mama, wamezaliana!"

Taarifa ilisomwa bungeni. Shirika moja la kimataifa, lenye makao makuu mahali ambapo umeme haukatiki, lilitoa tuzo ya kioo. Spishi iliyokuwa ikipotea kwa theluthi sasa imeongezeka kwa asilimia mia mbili, na hakuna hifadhi nyingine duniani iliyofikia hapo. Ndipo mbunge mmoja makini alipouliza kama wingi huo hautaleta madhara kwa mashamba ya jirani. Serikali ilijibu kwamba imeliona hilo, na kwamba kutakuwa na msimu wa uwindaji wa kupunguza idadi. Kiwanda cha maziwa kilitangazwa kuwa Kitalu Namba Moja.

Sikujua alizisoma kanuni za uwindaji mara mbili. Kanuni ya sita ilisema kwamba mwindaji mwenye leseni anaruhusiwa kumtumia umeme aliyemwinda kwa namna aipendayo, ndani ya kitalu, maadamu ni mchana. Alirudi Kituo cha Papo kwa Papo. Mstari wa saba aliandika neno moja: *Uwindaji*.

"Umeona sasa?" alisema Bwana Chogero, akigonga muhuri kabla hajamaliza kusoma. "Hii ndiyo biashara."

Ilichukua dakika thelathini na nane. Ilikuwa mara ya kwanza Sikujua kuidanganya serikali, na mara ya kwanza serikali kumwelewa.

*

Msimu ulifunguliwa siku ya themanini na tisa. Alfajiri ile wafugaji walileta maziwa lita elfu sita, baiskeli baada ya baiskeli, madumu yakigongana. Usiku mzima wanachama walikuwa wamebishana kama waje au wasije, na aliyewashawishi ni Mzee Kashindye.

"Si ulisema nisikurudishie kitu?" Sikujua alimwuliza, huku akifunga raba mpya ya mlango.

"Nilisema. Ila ng'ombe hawakunisikia, wameendelea kutoa."

Maziwa yalijazwa kwenye tangi. Kwa kanuni, uwindaji haukuruhusiwa kuanza bila mhifadhi kuwapo, na mhifadhi alitakiwa kufika saa moja. Afande Kirumbi alifika saa nne na nusu, na dereva, na darubini. Aliikagua leseni mbele na nyuma. Akaomba aonyeshwe silaha.

Sikujua alimpa plagi ya mtambo wa kupoza, nene kama mkono wa mtoto.

"Huyu mwenye meno, mafundi mnamwitaje?"

"Plagi, afande."

"Nimewahi kuwasikia mafundi wakimwita jina jingine."

Sikujua alimtazama. "Dume."

"Dume. Safi, dume anaruhusiwa." Afande alielekeza fimbo yake ukutani. "Na huyo mwenye matundu?"

Sikujua hakujibu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amejifunza kutolitaja jambo kwa jina lake. Lakini Mzee Kashindye, ambaye mafundi walikuwa wamemzoesha lugha yao kwa miaka mingi, na aliyetaka shughuli iende haraka, alimsaidia.

"Hilo ni jike, afande."

Afande alifungua kanuni, ukurasa wa nne, akazisoma kwa sauti isiyo na chuki yoyote. Kanuni ya kumi na moja: ni marufuku kumwinda, kumgusa au kumsumbua jike wa spishi yoyote iliyohifadhiwa.

"Afande," alisema Sikujua, "bila jike, dume ni waya tu."

"Mama, mimi nimeoa. Hayo nayajua. Sheria ni sheria."

"Lita elfu sita zimo humo ndani. Kesho ni siku ya tisini."

"Andika barua, tutaunda kamati ya kuangalia jinsia."

Sikujua aliitazama plagi mkononi mwake, akamtazama Mzee Kashindye, na akaichomeka.

Mtambo ulikohoa, ukatetemeka, ukaanza kunguruma. Ulinguruma kwa dakika kumi na moja, kwa sababu Afande Kirumbi na askari wake, waliomlinda umeme kwa takriban miezi mitatu, hawakujua swichi kuu iko wapi. Mzee Kashindye alibandika kiganja chake kwenye tangi na kuwaambia wanachama waliokuwa dirishani, "Linapoa. Jamani, linapoa." Watu wawili walianza kuimba. Kisha swichi ikaonekana.

Sikujua Lugoye alitiwa pingu kwa kosa la kumsumbua jike katika msimu wa kuzaliana. Aliomba mlango wa chumba cha baridi ufungwe vizuri nyuma yake, akapakiwa kwenye gari la hifadhi. Ushirika ulifutwa siku mbili baadaye, Msajili akieleza kwamba maziwa hayahesabiki kuwa yamepokewa mpaka yafike baridi iliyowekwa na sheria, na haya yalipungukiwa digrii kumi na tisa. Mchana ule ule wa pingu, mtu mmoja alishauri kwamba angalau yagandishwe yawe mtindi. Afande alimkumbusha kwa upole kwamba kugandisha ni usindikaji, na usindikaji hifadhini unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira.

Wanachama walichota walichoweza kwa ndoo, madumu na sufuria. Yaliyobaki, lita elfu tano na ushei, waliyamwaga wenyewe saa kumi alasiri, hatua ishirini nje ya uzio, kwa kuwa ndani ya hifadhi ni marufuku kutupa taka.